Mguu Wangu Umechukua Roshani

Jana usiku nimeota ndoto, na nitaieleza kama ilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke, lakini amalize kwanza kusikiliza. Mimi Mwanakombo, fundi wa magauni ya maharusi hapa Tanga, si mtu wa kuota ovyo.

Kwanza mjue kwamba nililala na hasira. Mwanangu Sikudhani, aliyeko Maskati kwa kazi ya uuguzi, alinipigia simu jioni. Anataka kunipandisha meli ya starehe, mimi na yeye, wiki nzima baharini. Safari tulishaipanga, kilichobaki ni kuchagua chumba. Kuna vyumba vya ndani, havina dirisha. Kuna vyenye roshani, unakaa nje unapunga upepo. Na kuna vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wa viti vya magurudumu, mlango mpana, hakuna kizingiti, bafuni kuna vyuma vya kushikia.

"Mama, nakuchukulia hicho cha tatu," akasema.

"Kwani mimi mgonjwa?"

"Mama, una mguu mmoja."

"Unanitosha. Chukua chenye roshani."

"Kiti hakipiti mlango wake. Na kwa magongo, meli ikiyumba utaanguka. Hivyo vya milango mipana ni vichache, kesho asubuhi lazima niwape jibu. Kama hutaki, basi tuache, tusiende."

Nikamwambia tusiende, nikakata simu. Roho iliniuma, sisemi uongo. Tangu mwanangu aondoke hatujapata kulala chumba kimoja tukapiga soga mpaka usingizi utukute. Lakini chumba cha walemavu, mimi? Kiti alichonitumia kiko pembeni ya cherehani na nailoni yake ya dukani, natundikia nguo za wateja. Mguu wa kulia ulikatwa mwaka juzi kwa ajili ya sukari. Kaka yangu Mwinyihaji aliufunga kwa kanga yangu ya maua mekundu, akaenda kuuzika makaburini kwetu, kama inavyotakiwa. Tangu hapo nashonea wa kushoto, na viatu nanunua pea nzima kama watu wote. Vya kulia vinakaa kwenye maboksi yao, chini ya kitanda.

Basi, nikalala. Mara niko barazani kwangu, nimejifukiza udi, napokea posa.

Waliokuja kuposa ni vyumba vitatu vya meli. Mshenga wao ni jaketi la kujiokolea, la rangi ya chungwa, limefunga mikanda yake yote na linaongea kwa kujivuta kama washenga wote.

"Sisi ni watu wa melini," likasema. "Tumepita, tumeona ua, tumekuja kuliomba."

"Karibuni," nikasema. "Kila mmoja ajieleze mwenyewe."

Kikaanza kile cha ndani. Kimekaa mkekani kimefumba macho, kipole mno.

"Mimi nimezaliwa melini na nimekulia melini," kikasema, "lakini bahari sijaiona. Naisikia tu kwa watu. Hivi ni kweli ina chumvi?"

"Ni kweli," nikajibu.

"Nilidhani wananitania. Kwangu utalala vizuri, hujui mchana wala usiku."

Nikakishukuru. Kuolewa gizani sikutaka.

Cha pili ni chenye roshani. Hiki hakikukaa mkekani, kilisimama mlango wazi, pazia linapepea, kinanukia marashi. Kikanitazama juu mpaka chini, na huko chini kikakawia.

"Nasikia ulikuwa fundi," kikasema.

"Bado ni fundi."

"Vizuri. Ukikaa kwangu, watu wa bandarini watakuona kwa mbali. Wataulizana, yule bibi ni nani?"

"Endelea," nikasema.

Cha tatu kilichelewa. Kilikuwa kipana mno, kimekwama uchochoroni kati ya ukuta wa jirani yangu Bi Pili na nguzo ya umeme. Kilipojinasua kikafika kinahema, vyuma vyake vya kushikia kimevinyoosha mbele kama mtu anayetaka kupokea mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kumposa nani?"

"Wewe."

"Umekosea nyumba. Wagonjwa wako hospitali."

Jaketi likakohoa kwa aibu. Nami nikatangaza jibu langu mbele ya wote kwamba nimechagua chenye roshani. Kichwa nimekiinua, na Bi Pili anachungulia dirishani, nikaona heri achungulie.

Papo hapo baraza langu linaanza kwenda. Linakwenda polepole, na kuta za mtaa zinageuka kuta za meli, na zulia linatandikwa chini yangu. Sasa nimesimama kwa magongo yangu mbele ya mlango wa chumba nilichokichagua. Chini yake kuna kizingiti cha chuma, kinanifika gotini.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," kikajibu kizingiti. "Kwetu watu wanaingia kwa mguu wa kulia."

"Hata kwetu. Lakini mimi nimekuja na wa kushoto."

"Huo utafuata. Wa kwanza uko wapi?"

"Umezikwa."

"Haujazikwa," kikasema kizingiti. "Umo humu. Umeingia tangu asubuhi na umesalimia vizuri."

Nikachungulia. Haki ya Mungu, mguu wangu umekaa roshani. Umejiegemeza kwenye kiti cha kamba, umejifunga kanga yangu ya maua mekundu, mbele yake kuna kikombe cha tangawizi. Sikuuliza unakinyweaje.

Tukatazamana. Kila mmoja anasubiri kuamkiwa. Kisha tukakumbuka kwamba tulizaliwa siku moja.

"Hujambo," ukasema mguu.

"Sijambo. Umekaa kwenye chumba changu."

"Chumba changu. Nimepewa kwa kazi."

"Kazi gani utafanya wewe peke yako?"

Mguu ukainuka, ukasogea kwenye ukingo wa roshani, na pale chini nikaona pedeli. Si nyingine, ni pedeli ya cherehani yangu, na pale kisigino kinapokaa pamesuguliwa. Mguu ukakanyaga. Meli ikasogea. Ukakanyaga tena, meli ikashika mwendo, na bahari yote mbele yetu ni kitambaa cheupe cha gauni la harusi, na meli inapita katikati inaacha mshono ulionyooka.

"Kumbe meli hii inakwenda kwa kukanyagwa," nikasema.

"Walikuwa na mashine," ukasema mguu, "ikawa inakata uzi."

Abiria wanapita ukumbini nyuma yangu, watu wa mataifa mbalimbali, wamevaa kofia. Wanasimama, wanatazama ule mshono. Mmoja anauliza, "Mguu huu ni wa nani?" Kizingiti kinamjibu, "Wa mama huyu aliyesimama hapa nje." Wananipisha kwa heshima. Jamani, nilivimba. Meli nzima, ghorofa juu ya ghorofa, na jikoni yake na msikiti wake, inakwenda kwa mguu wangu mimi Mwanakombo. Mguu uliomsomesha Sikudhani uuguzi, uliovalisha nusu ya maharusi wa mji huu. Nilitamani Bi Pili awepo.

"Unakanyaga vizuri," nikauambia.

"Nilifundishwa na fundi," ukajibu, bila kunitazama. "Sasa wewe utasimama hapo mpaka lini? Mbele kuna kona ya kwapa."

Anayeshona anaijua kona ya kwapa. Hapo kitambaa lazima ukizungushe. Nikashika magongo yangu vizuri, nikagundua nimeshika hewa. Magongo yamekwenda kula. Nayaona kwa mbali, yamepanga foleni na sahani zao.

Meli inaanza kukunja. Nimeegemea ukuta kwa mguu mmoja, na sasa naogopa. Naogopa kuanguka mbele za watu walionipisha. Na naogopa zaidi kwamba Sikudhani yuko mahali fulani ndani ya meli hii ananitafuta na hatanipata, kwa sababu mimi si wa ndani wala si wa nje, nimekwama mlangoni.

"Mwanakombo," ukasema mguu. "Siku ya harusi yako nani alitia mguu chini?"

"Hakuna. Somo yangu, yule kungwi aliyenifunda, alinibeba mgongoni mpaka chumbani."

"Nilikuwepo. Nilikuwa naning'inia tu, nina hina mpaka juu ya kifundo. Tulipita mlangoni kwa bwana bila kukanyaga kitu. Ulijiona mnyonge?"

"Mnyonge? Nilijiona kama nimeununua mtaa."

"Na maharusi wote uliowashonea, kuna hata mmoja aliyeharakishwa atembee?"

"Bibi harusi hatembei," nikasema. "Bibi harusi anapelekwa."

Mguu ukarudi kwenye pedeli yake. Mimi nikabaki na maneno yangu mwenyewe mdomoni, nayatafuna.

Nyuma yangu nikasikia mtu anahema. Nikageuka. Ni kile chumba cha tatu, kimenifuata njia nzima, kimejaa ukumbi wote, abiria wamebanwa ukutani.

"Bado upo?" nikauliza.

"Sijajibiwa," kikasema. "Posa inajibiwa, mama. Hata kama ni kukataliwa, mtu anaambiwa vizuri na kupewa maji ya kunywa."

Kweli. Nikaona haya, maana mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu adabu.

"Kizingiti unacho?"

"Sina."

"Kwako mguu gani unatangulia?"

"Kwangu mtu anaingia mzima mzima."

Kabla sijasema neno, kikaja kiti changu cha magurudumu. Kimevua nailoni yake na kinaona aibu kidogo. Kikainama mbele yangu kama anavyoinama mtu anayetaka kukubeba mgongoni.

"Mimi ndiye somo," kikasema. "Nimengoja pembeni ya cherehani siku nyingi. Ukanivika magauni ya wateja, nikadhani unanipima."

Nikakaa. Nilikaa kama ninavyowafundisha maharusi wangu, mgongo wima, shingo ndefu, macho mbele. Majaketi yote ya kujiokolea yaliyokuwa kwenye makabati yakapiga vigelegele. Abiria wakavua kofia. Nikapita mlango ule mpana katikati kabisa, sikugusa huku wala kule, na meli ikikunja kona ya kwapa mimi hata ushungi haukuteleza.

Ndani kuna vitanda viwili. Kimoja kina mto wa Sikudhani wa tangu mdogo, ule wenye tundu. Mwisho wa chumba kuna pazia. Nikalivuta.

Roshani. Pana, kiti kinazunguka bila shida, upepo unanipiga usoni, bahari nyeupe mpaka mwisho wa macho.

"Mbona hukusema kama unayo?" nikakiuliza chumba.

"Uliniambia nimekosea nyumba."

Kumbe roshani yangu imepakana na ile nyingine, kati yao ni ukuta mfupi tu. Mguu wangu uko upande wa pili, unakanyaga taratibu.

"Jirani," ukasema. "Mwinyihaji alinifunga vizuri, simlaumu. Lakini nimezikwa pekupeku, na chuma hiki kina baridi."

Nikatazama mapajani. Boksi liko pale, la viatu vipya vya mahameli vya rangi ya zabibu nilivyonunua kwa ajili ya safari. Nikatoa cha kulia, nikaupitishia juu ya ukuta. Ukavaa. Kiliuenea sawasawa, kwani namba ni ile ile. Ukajitazama upande huu na upande ule.

"Sasa niache nifanye kazi," ukasema, na ukakanyaga kwa nguvu, na meli ikapiga honi.

Honi ni simu. Kumekucha, jua liko dirishani, na anayepiga ni Sikudhani.

"Mama, umeamua?"

"Chukua chenye mlango mpana," nikasema. "Lakini kiwe na roshani."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Vipo vyenye vyote viwili, mama. Jana nilitaka kukwambia, ukanikatia simu."

"Najua kwamba vipo."

"Nani amekwambia?"

"Nimeshalala humo. Vitanda viwili. Chako ni cha upande wa ukuta, na uje na mto wako."

Alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikalia kidogo, kidogo tu. Nilipokata simu nikashusha nguo za wateja kutoka kwenye kiti, nikachukua mkasi wangu wa kazi, nikakata ile nailoni. Kisha nikampigia kaka yangu, nikamwambia aje na patasi na nyundo, atoe kizingiti cha mlango wangu wa mbele, maana nataka kutoka barazani nimekaa.

Wakati namngoja nikavuta boksi la viatu vya mahameli. Havijavaliwa hata siku moja, na usiku nyumbani kwangu hakuingia mtu. Cha kushoto kipo, kimelala ndani ya karatasi yake. Karatasi ya cha kulia imekunjwa vizuri, na ndani yake hamna kitu.

Nikavaa cha kushoto, nikakaa kwenye kiti, mgongo wima. Mwinyihaji alipofika na patasi yake akasimama akinitazama, kisha akaniangalia mguuni, akainama kuchungulia chini ya kitanda kama kawaida yake ya kutaka kusaidia.

"Kingine kiko wapi, dada?"

"Kiko kazini," nikamwambia. "Wewe toa kizingiti."