Chumba cha Mtu Mmoja

Syokau alikuwa amejikunja chini ya kitanda, magoti kidevuni, nyapara akigonga mlango. Mumewe, Kilonzo, alilishusha blanketi mpaka sakafuni, ndipo akafungua.

"Mto inakuja," alisema nyapara Zedekiah bila hata jambo, koti lake la mvua likichuruzika maji. "Huko juu imejaa sana. Ikifika hapa bondeni, lori itabeba watu kwenda kanisani. Nataka kujua kila chumba iko na watu wangapi. Hapa?"

"Peke yangu, bwana."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Loo! Neno lilitoka lenyewe, kama chafya. Kambi ile ya vibarua, chini ya mtaa wa Westlands, ilikuwa ya wanaume watupu. Mwanamke akionekana, hata awe wa ndoa ya kanisani, alitupwa nje ya lango pamoja na sufuria zake, na mumewe akamfuata bila kazi. Mwezi uliopita Zedekiah huyuhuyu alipita akiuliza swali hilohilo, anachekacheka, eti kampuni itagawa blanketi. Mbithi wa chumba cha nne akajibu, "Wawili." Jioni yake yeye na mkewe walikuwa barabarani. Sasa leo ni mto, kesho watasema simba. Nani angemwamini?

Syokau alitoka uvunguni. "Na kama ni kweli?"

"Si kweli. Hawa hawajawahi kututakia mema bure."

"Maji nayasikia, Kilonzo."

"Hayo ni ya paa."

Kilonzo alimpenda, jamani, tusimwonee. Njaa ilipomaliza mbuzi kule Ukambani, hakumwacha afe. Alimwingiza kambini usiku na kumgawia nusu ya posho yake ya unga. Asubuhi hiyo akamkumbusha kama alivyomkumbusha kila siku: mtu akigonga, hata kikohozi usitoe. Kisha akafunga kufuli kwa nje, maana chumba chenye kufuli mchana hakikaguliwi, akapanda lori la kazi.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kujaza mchanga kwenye magunia. Walipelekwa shambani kwa mzungu mmoja, juu zaidi kando ya mto uleule, wajenge ukuta wa kuzuia maji mbele ya banda la farasi. Memsahibu alisimama barazani na mwavuli wake. "Upesi, upesi! Maji naingia, farasi nalala wapi?"

Hapo ndipo Kilonzo alipouona mto. Ulikuwa mwekundu, unateremka na mgomba mzima, mizizi juu, na nyuma yake paa la nyumba ya mtu. Kumbe ilikuwa kweli. Akamwendea Zedekiah mbio.

"Bwana, nipe ruhusa nirudi kambini."

"Kufanya nini?"

"Vitu yangu, bwana."

"Vitu gani? Sufuria? Wale walibaki kambi wanapelekwa kanisani saa hii. Wewe si uko peke yako?"

Vibarua wenzake walisimama na makoleo yao, wanamtazama. Akisema, kazi imekwenda, na njaa ya nyumbani iko palepale inamngoja.

"Ndiyo, bwana," akasema.

Akajaza gunia moja. Akajaza la pili. La tatu likamshinda, akatupa koleo akakimbia, na sauti ya Zedekiah ikamfuata: "Ukienda usirudi!"

Alipofika kambini, mto ulikuwa umekwisha kupita juu ya kambi na kuanza kushuka. Odhiambo, tanboi, yaani utingo wa lori, alikuwa mlangoni pa chumba cha Kilonzo na mtaimbo, kufuli limevunjwa, matope magotini.

"Niligonga huu mlango, ndugu yangu," Odhiambo alisema. "Kwa ngumi, kwa teke. Nikaita, maji, tokeni! Ndani kimya kabisa. Nikaona kufuli, nikasema mwenyewe ako kazi. Saa hii ndiyo nimeona leso ya mwanamke inatokea chini ya mlango."

Kilonzo aliujua ukimya ule. Ndiye aliyeufundisha. Alikaa kwenye matope, akamweka mkewe aliyekufa maji mapajani, akalia kwa sauti, bila haya.

Zedekiah alifika na askari wawili. "Huyu mwanamke ni wa nani? Kama hana mwenyewe, atazikwa na wale wasiojulikana."

"Ni mke wangu."

"Na asubuhi umeapa kwa Mungu!" Kisha sauti ikamshuka. "Ungesema, Kilonzo, ningemtoa na lori."

"Ungemtoa nje ya lango."

Zedekiah akawaashiria askari wamkamate kwa kuficha mtu kambini na kutoroka kazi.

"Niacheni nimzike kwanza," Kilonzo alisihi, pingu zikimbana.

"Utasema kortini."

Syokau alipakiwa nyuma ya lori, likaondoka. Kilonzo akaambiwa achuchumae ukutani angoje gari la polisi. Langoni watu wa kutafuta kazi walikuwa wamekusanyika, maana habari ya nafasi hukimbia kuliko maji. Zedekiah akamchagua mmoja, mtu wa makamo mwenye sanduku la mbao kichwani.

"Chumba ile ikikauka ni yako. Mtu mmoja tu. Uko na bibi?"

"Sina, bwana," alijibu yule mtu upesi.

Nje ya ua wa waya wa kambi, mwanamke aliyekuwa amesimama naye aligeuza uso, akajifanya anatazama mto.