Usukani Mzito wa Ambaben

Kibiti nzima ilijua kwamba Ambaben na fundi Mohamedi ni paka na panya. Kwa hiyo asubuhi moja mjane huyo wa Kihindi alipolisukumisha gari lake jekundu hadi gereji ya Mohamedi, kando ya barabara ya Lindi, watu waliacha kahawa zao zipoe wakaja kutazama.

Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, lenye pua ndefu, alilolinunua marehemu mumewe zamani, biashara ilipokuwa bado biashara. Miaka yote ya maduka ya ushirika lilikaa ghalani chini ya turubai. Sasa zama za ruksa zilikuwa zimeingia na kila mwenye kibanda anauza apendacho, lakini Ambaben alikuwa hana tena hamu ya kuuza kitu Kibiti. Alitaka kuhamia Dar es Salaam kwa binti yake, na aliapa hapandi basi.

"Niliingia hapa nikiendesha," alimwambia Kunal, mtoto wa kaka wa mumewe aliyekuja kumsaidia kufunga mizigo, "na nitatoka nikiendesha."

Injini iliwaka; tatizo lilikuwa usukani. Kuukata kulihitaji mikono miwili na bega.

"Tutafute fundi mwingine, Kaki," Kunal alisema; ndivyo kwao walivyomwita mke wa ami.

"Mwingine yuko Ikwiriri. Kwa usukani huu, tutaishia mtaroni kabla ya kufika."

Mohamedi hakumwamkia. Alilizunguka gari, akapiga teke gurudumu moja, akatema mate pembeni.

"Limefichwa sana hili," alisema. "Kama vilivyofichwa vingine."

"Halikufichwa. Lilifungiwa. Na aliyefunga tunamjua."

Watu waliguna. Mwaka ule maduka ya watu binafsi yalipofungwa vijijini, Mohamedi, wakati huo kijana wa kamati ya kijiji, ndiye aliyekuja na kufuli na kulitia kwenye mlango wa duka lao. Mume wa Ambaben alisimama barazani na kanzu yake ya kulalia, akitazama. Hakuwahi kuwa mtu yule yule tena. Alipokufa, daktari alisema moyo. Ambaben alisema kufuli.

"Kazi utaifanya au huifanyi?"

"Nitaifanya. Lakini usinisimamie kichwani."

Alimsimamia kichwani. Alivuta kigoda akaketi hatua chache kutoka kwenye jeki, sari yake nyeupe ameikusanya magotini, na kila spana iliyoingia chini ya gari aliifuata kwa macho. Mohamedi alijaza upepo magurudumu yaliyolegea, akafungua viungo vya usukani vilivyokauka kama mifupa, akavisafisha kwa mafuta ya taa na kuvishindilia grisi. Adhuhuri alifuta mikono.

"Tayari. Chukua gari lako."

Ambaben aliliingiza barabarani. Kwenye tambarare usukani ulikuwa mwepesi, akakaribia kutabasamu. Lakini alipofika mwinuko wa kwanza na kukanyaga mafuta, uligoma tena, na chini ya boneti kitu kikagonga. Aliachia mafuta, ukalegea. Akakanyaga, ukagoma. Alirudi gereji akiwa ameibana midomo.

"Umenidanganya."

"Gari zee, dereva mzee," Mohamedi alijibu. "Mimi nifanyeje?"

"Ukiwa na grisi nyingi hivyo hukuacha hata kidogo ya kulainisha ulimi? Kunal, ingia. Vuta breki ya mkono kwa nguvu. Tia gia, kisha achia klachi kidogo kidogo huku unaongeza mafuta."

Alifungua boneti mwenyewe akainama juu ya injini. Kunal alifanya kama alivyoambiwa. Injini iliinuka upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kusimama, ikalalia upande wa pili, na sikio la chuma lililotokeza ubavuni mwake likakaa juu ya chuma cha usukani na kukibana.

"Njoo uone," alisema Ambaben.

Mohamedi alikuja, akaona. Alipiga jeki upya akaingia chini. Alipotoka alikuwa na raba mbili zinazoshikilia injini, moja imepasuka katikati, nyingine imekuwa unga. Alizitupa miguuni pa Ambaben.

"Hizi hata Dar huzipati," alisema.

"Basi tengeneza."

Alikata mpira mnene kutoka kwenye tairi kuukuu la lori, akautoboa, akaufunga kwa nati. Jasho lilimtiririka na hakuna aliyemletea maji. Jua lilipoanza kuinama alisema kwa mara ya pili kwamba tayari.

Ambaben alimlipa pale pale, mbele za watu, asije akasema Mhindi amekimbia na jasho lake. Kisha akafungua mlango wa kushoto.

"Panda."

"Nipande niende wapi?"

"Kilima cha Bungu. Kama umelegeza kitu, tutaingia korongoni wote wawili."

Kundi lilicheka. Mohamedi, ambaye hakutaka kuchekwa, alipanda.

Walikwenda, vumbi likiwafuata. Gari lilikuwa dogo, mabega yao karibu yagusane. Kilima kilipoanza Ambaben alikanyaga mafuta hadi mwisho, akaukata usukani kushoto, kisha kulia. Ulimtii. Hakuna kilichogonga.

"Mume wangu alikuwa akiliendesha hivi," alisema. "Kabla hujamuua."

"Mimi sikuua mtu." Mohamedi alitazama mbele. "Mwaka mmoja kabla ya lile kufuli, mama yangu alifariki. Nilikuja dukani kwenu kutaka bafta ya sanda. Nawe ulikuwa kwenye kaunta. Ukasema bafta hakuna. Tukamzika mama kwa shuka la kuazima. Siku kamati ilipofungua ghala lenu, nilihesabu majora ya bafta kwa mkono wangu mwenyewe."

Ambaben aliyakumbuka majora yale. Alikuwa ameyapanga yeye, nyuma ya magunia ya chumvi.

"Ningekupa wewe," alisema, "kesho yake wangekuja mia."

"Nilikuwa nimefiwa, mama."

"Nami nilifiwa!"

Alikanyaga breki. Gari lilisimama katikati ya mikorosho, mbali na nyumba yoyote.

"Shuka."

Mohamedi alishuka bila haraka, akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayejali kitu alichokitengeneza. Kisha akainama dirishani.

"Raba zile zikaze tena baada ya safari ndefu," alisema. "Na Mungu asikusamehe."

"Wala wewe asikusamehe."

Ambaben alikuwa amekusudia kugeuza gari pale, arudi kuchukua masanduku na Kunal. Hakugeuza. Kunal atayaleta kwa basi. Aliingiza gia akapita Bungu bila kusimama, na usiku ulipokuwa unaingia alifika Mkuranga, usukani ukiwa mwepesi kabisa mikononi mwake. Pale aliegesha kando ya barabara, akazima injini. Alijaribu kumlilia mumewe, kama alivyozoea. Mara hii machozi hayakuja. Alimwona mwanamke asiyemjua, amelala katika shuka la watu.

Aliwasha gari akaendelea na safari.