Wiki Niliyofunga Mdomo

Mimi natukana. Naanza na hapo ndio usije ukasema kesho sikukuambia. Nimekuwa fundi wa magari hapa Eldoret miaka thelathini na moja, gereji yetu ya jua kali iko kule chini karibu na Mto Sosiani, na ukiuliza mtu yeyote pale Wabuge ni nani, atacheka kwanza halafu akuonyeshe. Naita watu ng'ombe. Naita watu takataka. Gari likinisumbua nalitukana, na mwenye gari akisimama karibu naye anapata yake. Oyugi, yule wa kuchomelea vyuma, kila asubuhi namsalimia, "Umeamka, kichwa maji?" Yeye ananijibu kitu siwezi kusema mbele yako, na tunaanza kazi tukiwa sawa.

Sasa, msichana wangu Joy anasomea saikolojia chuoni kule Chepkoilel, mwaka wa mwisho, na utafiti wake, sikia hii, ni kuhusu matusi. Ati kwa nini mtu mmoja akitukanwa anacheka, na mwingine neno hilo hilo linamkaa rohoni mwaka mzima. Aliponiambia nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia angekaa tu nyumbani Langas angepata hiyo digrii bure. Yeye hakucheka.

Jumatatu moja akaja gereji na karatasi za maswali. Akawapa mafundi wote, mmoja mmoja, akikaa nao kwenye matairi na kuandika. Akamuuliza Oyugi, "Mtu akikutukana unajisikia aje?" Oyugi akamwambia, "Hapa, msichana, mtu asiponitusi najua ana kitu na mimi." Joy akaandika hiyo haraka haraka, nikaona imempendeza. Karatasi zikaisha bila mimi kupewa.

"Na mimi je, wewe punda?" nikamuuliza. Watu wakacheka.

"Wewe huwezi, baba. Wewe ni mzazi wangu, utaharibu majibu."

Sawa. Nikarudi chini ya gari. Lakini akanifuata, akachutama hapo karibu na gurudumu, akaniambia polepole wengine wasisikie, "Jumamosi watu wa kina Kiprop wanakuja."

Kiprop ni kijana wa Cheptiret, mwalimu, wamependana na Joy miaka mitatu. Baba yake alishafariki, kwa hivyo msafara wa posa ulikuwa unaletwa na ndugu ya baba yake, Mzee Kipyego, mkulima na mzee wa kanisa. Hiyo yote nilikuwa najua. Sikujua yaliyofuata.

"Ni watu wa kanisa, baba. Kwa Mzee Kipyego hata 'mjinga' halisemwi. Naomba Anko Obonyo ndiye aongee. Wewe ukae tu."

"Nikae tu aje? Kwangu?"

"Ukae tu. Tafadhali." Akaangalia nyuma kama Oyugi anasikia. "Ukiniaibisha hiyo siku, baba, sitarudi tena kwa hiyo nyumba. Nakwambia mapema."

Wewe unaweza kudhani nilikasirika. Ningependa ningekasirika, hasira naijua. Niliogopa. Tangu mama yake, Tryphosa, atuache miaka miwili iliyopita, ile nyumba ni mimi na redio. Joy anakuja wikendi moja kwa mwezi, anapika, analalamika juu ya vyombo, anaenda. Hiyo wikendi moja ndiyo naishi nayo zile zingine tatu. Nikalala pale chini ya gari nikiangalia springi mpaka mwenye gari akauliza kama nimelala.

Nikaamua kufunga mdomo. Nilijijua vizuri: siwezi kutukana wiki nzima halafu Jumamosi niamke malaika. Lazima nianze mapema. Jumanne nikafika gereji, nikamwambia Oyugi, "Habari ya asubuhi."

Akageuka nyuma kuangalia nani anasalimiwa.

Jumatano dereva mmoja wa lori alinirudishia gari nililokuwa nimetengeneza juzi, ameligonga tena kwa lile shimo lile lile. Nikamwambia, "Pole sana, tutaangalia." Yule mtu akaenda kwa fundi mwingine. Ati Wabuge ameanza kuficha kitu. Alhamisi Oyugi akanijia na kofia mkononi, aki, kama mtu wa matanga. "Mzee Wabuge, nimekukosea wapi?" Nikamwambia hajanikosea. "Basi mbona unaniongelesha hivyo?" Sikuwa na jibu la kumpa bila kutukana, na nilikuwa nimeapa. Akaenda zake. Ijumaa nilikula githeri yangu peke yangu kwenye benchi, na wengine wakajibana upande wa pili wakinong'ona kama nimetoka hospitali na habari mbaya. Ndipo nikaelewa kwamba miaka hiyo yote nilikuwa naita watu waje karibu. Sikuwa na namna nyingine ya kuwaita.

Jumamosi wakaja, watu tisa, wamevaa vizuri, na maziwa lala kwenye kibuyu. Obonyo, kaka ya marehemu mke wangu, alikuwa ametoka Busia na suti. Wakaomba Mungu. Nikasema "Karibuni," nikafunga mdomo, nikakaa kwenye kiti changu mikono magotini. Kwetu hakuna shida hapo. Kwetu baba wa msichana ana watu wa kumwongelea, anaweza kukaa kimya mpaka jioni na hakuna mtu atashangaa. Obonyo akaongea vizuri sana. Chakula kikaletwa, kuku, ugali, mboga. Nikaona wageni hawanawi mikono.

Mzee Kipyego akaniangalia. "Na mwenye nyumba anasemaje?"

Nikatingisha kichwa, ndiyo.

Akangoja. Halafu akauliza tena, "Mzee Wabuge, tunataka kukusikia wewe."

"Shemeji yangu amekubali," Obonyo akasema. Mimi nikatingisha kichwa tena kama mjusi.

Mzee Kipyego akachukua kofia yake mezani. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Kwetu," akasema, "mwenye boma akinyamaza siku ya kuulizwa mtoto wake, amekataa kwa heshima. Na hatuli chakula cha mtu aliyetukataa. Hatutakulazimisha, mzee. Asante kwa kutupokea." Akasimama. Wengine wanane wakasimama.

Joy alikuwa kwenye mlango wa jikoni na chupa ya chai. Aliniangalia tu, na Kiprop akawa anaangalia sakafu.

Wacha nikuambie ukweli. Kilichokuja mdomoni wakati huo kilikuwa, "Kaeni chini, ng'ombe nyinyi!" Haki ya Mungu, kilifika kwenye meno. Nikakimeza. Na nyuma yake hakukuwa na kitu kingine. Nilitafuta nikakosa. Nikasimama hivyo hivyo.

"Mzee Kipyego," nikasema, "mimi nina mdomo mchafu. Nimenyamaza kwa sababu naogopa kuongea. Sijakataa."

Akabaki amesimama na kofia yake.

"Mama ya huyu msichana nilimwita kichwa ngumu miaka ishirini na sita. Yeye aliniita vibaya zaidi, na tulicheka, majirani wakidhani tunapigana. Akawa mgonjwa. Siku moja nikaenda kumwona wodini, nikakuta amekonda, amekuwa mdogo hivi, na nikashindwa. Nikamwambia, 'Pole sana, mama. Pumzika.' Akaniangalia. Akaniambia, 'Phineas, kumbe nakufa.' Daktari alikuwa hajamwambia. Ni mimi nilimwambia, na hiyo heshima yangu." Nikamvutia kiti chake. "Sina maneno mengine, mzee. Kitu kizuri sijui kukisema. Lakini kijana wenu namtaka. Msichana wangu namtaka awe na furaha. Kaeni chini mle, tafadhali."

Obonyo alikuwa amejifunika macho. Mzee Kipyego akageuza kofia mkononi, mara moja, mara mbili.

"Baba ya huyu kijana," akasema, "alinitukana siku moja tukiwa shambani. Neno moja. Nilikaa miaka tisa bila kumwongelesha. Alipofariki ndipo watu waliniambia alikuwa anasema vile kwa kila mtu." Akakaa. Akasukuma kofia pembeni. "Leteni maji ya kunawa."

Basi wakala, wakakubaliana na Obonyo siku ya kurudi, wakaomba Mungu tena, wakaenda. Mzee Kipyego alinishika mkono mlangoni muda mrefu kuliko kawaida. Nikafikiri, Wabuge, umepita. Nikaingia jikoni nikiwa nimejaa furaha. Joy alikuwa anaosha vyombo.

"Hiyo ya mama hukuwahi kuniambia," akasema bila kugeuka.

"Hukuuliza."

"Mama alikuwa anacheka ukimtukana."

"Eeh. Sana."

"Na mimi, baba? Ulishawahi kuniona nikicheka?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikatafuta siku moja tu. Nikatafuta akiwa mdogo, akiwa shule ya msingi, akiwa sekondari. Nilikumbuka Oyugi akicheka, nikakumbuka Tryphosa akicheka ameshika ukuta. Joy nilimkumbuka amesimama kando, ananiangalia.

"Mama alikukuta na mdomo wako akauchagua," akasema. Sasa alikuwa amegeuka, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. "Mimi nilizaliwa nikakuta hayo maneno yananingoja. Nilikuwa darasa la pili ukaniita takataka kwa sababu nimemwaga uji. Nikaenda shule. Baba, mimi nilikuwa naamini."

Nilikaa kwenye kile kiti cha jikoni. Ningepigwa na spana ingeniuma kidogo kuliko hapo. Nilitaka kumwambia haikuwa na maana ile, kwamba ilikuwa ni kumpenda, na nikaona jinsi maneno hayo ni bure mbele ya mtoto wa miaka saba aliyeshika mkoba wa shule.

"Sasa nikuite nani?" nikauliza. Sikuwa najua, kweli.

"Nina jina."

Nikafikiria. Miaka ishirini na nne. Nikiongea juu yake na watu nasema Joy vizuri kabisa, Joy amepita mtihani, Joy yuko chuo. Lakini yeye mwenyewe, uso kwa uso, sikukumbuka kuliita hata siku moja.

"Joy," nikasema. Lilitoka baya, kama natamka jina la mtu wa benki. Alipangusa mikono, akangoja kama kuna lingine. Hakukuwa na lingine. Akatingisha kichwa polepole, akachukua mkoba wake, kwa sababu Kiprop alikuwa anamngoja barabarani wapande matatu amsindikize Chepkoilel.

"Nitakuja mwezi ujao?" akauliza. Aliuliza, hakusema. Mtoto wangu ananiuliza kama anaweza kuja kwao.

"Uje," nikasema. "Uje tu."

Akaenda. Vikombe vilikuwa vimebaki vingi, nikaendelea kuviosha pale alipoachia. Nikasema tena, "Joy." Nikasema kwa sauti kubwa kidogo, vile ungemwita mtu aliye chumba cha pili. Sasa lilitoka vizuri, na hakukuwa na mtu wa kuitika.