Bandi ya Namba Tatu

Mimi ni fundi cherehani, na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira ni mtu kuniletea nguo na kusema, "Fundi, shona tu vyovyote." Kwangu hakuna vyovyote. Miaka thelathini na mitano nimekaa katika chumba changu kimoja kando ya barabara, cherehani mbili, pasi, redio juu ya kabati, na mlangoni maneno ya rangi ya bluu: KISHONWACHO HAPA HAKIFUMUKI. Niliyaandika mwenyewe. Na kila asubuhi nilipofungua mlango niliyakwepa kwa macho, maana nilijua kimoja kilichofumuka.

Redio ndiyo iliyoleta balaa. Shirikisho la mpira liliunda kamati ya kuchagua kikosi bora cha muda wote cha timu ya taifa, wachezaji kumi na mmoja tangu timu ilipoanzishwa, ambao picha zao zingechorwa kwenye ukuta wa uwanja mkuu. Mwezi mzima watu hawakuwa na habari nyingine. Wateja walikuja wawili kupima suruali wakaondoka wamenuniana kwa sababu ya kipa. Mmoja, mtu mzima na ndevu zake, aliapa hatalivaa koti nililomshonea mpaka nikubali kwamba kiungo wake ndiye kiungo.

Mimi kwa kipa na viungo sikuwa na neno. Roho yangu ilikuwa kwa beki wa kushoto, na beki wa kushoto ni mume wangu.

Siku hizi ana karakana ya baiskeli ng'ambo ya barabara, kitambi cha heshima na goti linalolalamika akipanda ngazi. Lakini miaka minane alivaa jezi namba tatu ya taifa, na mawinga walikuwa wakiuliza kabla ya mechi kama amepona mafua, wakiomba Mungu asiwe amepona. Taifa letu limechukua kombe moja tu katika historia yake, ugenini, kwenye mvua, bao moja kwa bila. Bao hilo alilipiga yeye, dakika ya themanini na nane, kwa mguu wa kushoto, kutoka mbali hata wenzake walimzomea kwa nini hakutoa pasi.

Ila kitabu cha shirikisho hakisemi hivyo. Kitabu kinasema namba tatu alitolewa wakati wa mapumziko, akaingia namba kumi na nne, na namba kumi na nne akafunga. Televisheni haikuwepo. Kulikuwa na picha moja gazetini, mtu amepigwa kwa nyuma, ametapakaa tope, mgongoni kumi na nne. Basi yule wa akiba mwenye namba hiyo akarudi nyumbani akiwa shujaa, akabandikwa jina la Kombora. Wachezaji wenzao walisema mpaka wakachoka. Shirikisho liliwajibu kwa barua ya mistari miwili kwamba kumbukumbu ni kumbukumbu.

Jumatatu moja redio ikatangaza: "Nafasi ya beki wa kushoto, anaongoza Kombora, mfungaji wa bao la kombe. Uamuzi wa mwisho ni Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya wananchi."

Nilivuka barabara mbio. Mume wangu alikuwa ameinamia beseni la maji, anazungusha mpira wa baiskeli akitafuta pancha.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Waache."

"Waache nini? Watamchora mtu mwingine ukutani kwa bao lako!"

"Waliokuwepo wanajua, Fundi," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, hata mbele ya wakwe. Akaendelea kuzungusha ule mpira majini. Ulikuwa mzima. Niliuona mwenyewe, haukutoa povu hata moja, naye aliuzungusha na kuuzungusha asiinue uso. Moyo wangu ulipasuka pale pale.

Kwa sababu kosa lilikuwa langu, na ushahidi ulikuwa kabatini kwangu.

Wakati ule nilikuwa msichana mwenye cherehani moja, ndiyo kwanza nimepata kazi ya kushona namba kwenye jezi za taifa. Fundi anayejua kazi huanza kuipiga namba bandi, yaani huishikiza kwa mkono, mishono mirefu ya uzi wa rangi nyingine isije ikateleza, halafu huipitisha kwenye cherehani na kuchomoa ule uzi wa bandi. Nilikuwa nimebakiza moja tu, namba tatu, bandi ya uzi mwekundu imeshapigwa. Ndipo akaingia mchezaji aliyetumwa kuchukua mzigo. Akaegemea meza yangu, akaniuliza kama nikishona huwa natabasamu au nimetabasamu kwa ajili yake. Nikamwambia asijipendekeze. Akacheka. Ana meno mazuri yule mtu, hata leo. Nikamkunjia jezi zote kumi na nane, macho yangu yako kwake, na ile ya namba tatu haikupita cherehanini.

Juma lililofuata mtunza vifaa wa timu, Mungu amrehemu, aliniletea jezi ya kutengeneza pamoja na namba yake iliyong'oka, na kama ilivyokuwa kawaida yake alibana kikaratasi kwa pini kueleza kasoro. Nilikisoma nikakaa chini. Kilikuwa na tarehe ya fainali na maneno haya: "Na. 3. Namba imeng'oka dakika ya 41. Mchezaji amemalizia mechi kwa jezi ya akiba Na. 14, mwamuzi amearifiwa. Namba ilipigwa bandi tu. Fundi ajieleze."

Sikujieleza. Nilishona jezi mpya siku ile ile nikampelekea, hii nikaificha chini ya vitambaa. Nilijua kikaratasi kile kikionekana, kazi ya taifa imekwenda na jina langu limekwenda. Baadaye yule mchezaji alinioa, na kila mtu alipomuuliza namba iling'okaje alijibu, "Winga wao alinivuta jezi." Nikamwachia winga dhambi yangu. Miaka thelathini na moja nimemla winga wa watu bila chumvi.

Jumamosi nilivaa gauni langu la kijani, nikatia jezi kwenye mfuko wa karatasi, nikamwambia mume wangu twende. Alisema ana baiskeli tano za kumaliza. Nilimkata jicho moja tu, akaenda kunawa mikono.

Ukumbi wa shirikisho uko ghorofa ya pili, na ulikuwa umefurika hadi kwenye ngazi. Mbele walikaa wanakamati, katikati yao mwenyekiti, mzee mkavu anayeitwa Bwana Takwimu. Ndiye aliyeandika kile kitabu kwa mkono wake, akiwa jukwaani siku ile ya mvua. Kombora alikuwa mstari wa kwanza, suti ya kijivu. Nikaitazama mishono ya mabega: kazi mbovu.

Walisoma kipa, wakasoma beki wa kulia, watu wakashangilia. Walipofika kushoto nikasimama. Nikajikaza kisabuni.

"Bwana Mwenyekiti, nina kielelezo."

"Mama, tumeshasikia hadithi za bao hilo," Bwana Takwimu akasema. "Tunafuata kitabu."

"Na mimi sikuja na hadithi. Nimekuja na jezi."

Nikapita mbele, nikaitandaza mezani kwake, tope la miaka thelathini na moja likiwa bado kwenye kola. Namba tatu nikaiweka pembeni. Nikawaonyesha matundu ya sindano, mapana, yaliyoachana mbali, na vipande vya uzi mwekundu vilivyobaki. Kisha nikamsomea kile kikaratasi kwa sauti, neno kwa neno, hadi pale penye "Fundi ajieleze."

"Fundi ni mimi," nikasema. "Sikuishona. Niliipiga bandi nikaisahau, kwa sababu mvaaji alikuwa amesimama mbele yangu na nilikuwa namtazama yeye. Kama kuna mtu hapa ana nguo kwangu na hanitaki tena, aje kesho aichukue. Lakini bao lile ni la namba tatu."

Nilisikia watu wakicheka, na wengine wakipiga makofi. Sikugeuka. Bwana Takwimu alikishika kikaratasi akakisogeza karibu na miwani, akakisoma, akakisoma tena. Aliufahamu mwandiko wa marehemu, nilimwona usoni.

"Mimi nilikuwa juu jukwaani," akasema taratibu. "Nikaona kumi na nne uwanjani. Nikaandika amebadilishwa." Akageuka. "Kombora, ulikuwa wapi kipindi cha pili?"

Kombora alisimama. Alijifuta jasho, akaangalia viatu vyake.

"Benchi," akasema. "Jezi yangu amevaa yeye, mimi nimejifunika taulo, nakula karanga. Tuliporudi niliwaambia watu siyo mimi. Wakanibeba juu juu. Nikawaambia tena, wakasema nina adabu, sipendi sifa. Mara ya tatu sikusema." Akamtafuta mume wangu kwa macho katikati ya watu. "Kaka, nisamehe. Lile jina lilikuwa tamu."

Basi hapo ukumbi ulilipuka. Bwana Takwimu akagonga meza hadi mkono ukamuuma, hakuna aliyemsikia. Akaacha kugonga. Akafungua kitabu chake, akatoa kalamu, akapiga mstari juu ya maneno aliyoyalinda kuliko watoto wake, akaandika mapya na kutia sahihi. Wanakamati wakanyoosha mikono, wote saba, na wa kwanza kupiga makofi alikuwa Kombora. Mtangazaji wa redio akatamka jina la mume wangu kwa kipaza sauti, beki wa kushoto wa muda wote, mfungaji wa bao la kombe, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Nililia hadharani bila aibu yoyote.

Mume wangu alikuja mbele akichechemea, watu wanamgusa mabega. Nilidhani ataniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima.

"Fundi," akaninong'oneza, "jezi nyeupe, namba ya bluu, uzi mwekundu. Ulidhani niliivaa nimefumba macho?"

"Uliona?"

"Kabla ya mechi, tukibadilisha nguo. Mtunza vifaa alikuwa na sindano mfukoni, ningemwambia angeishona kwa dakika tano. Lakini angejua ni nani hakumaliza kazi. Na mimi nilikuwa nimeshaamua kurudi kwenye ile meza yako. Nikasema itashika."

"Na winga aliyekuvuta?"

"Winga gani? Yule hakunikaribia mechi nzima."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na mbele ya kamati ya shirikisho sikujua nianze na lipi. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyeficha. Kumbe yeye alitoa bao lake, kombe lake na jina lake ili mlango wangu ubaki wazi, wala hakuwahi kunidai hata shukrani.

"Avae! Avae!" watu wakaanza kuimba. Wapiga picha walikuwa wanasubiri, mchoraji wa ukutani naye. Akaivuta jezi juu ya shati lake, ikamkwama kwenye kitambi, ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka kwa yale meno yake. Mgongoni palikuwa patupu. Nikachomoa sindano niliyozoea kuichomeka kwenye kola ya gauni, yenye uzi wa bluu, nikaishika namba tatu na kuanza kuishona juu ya mgongo wake, mishono midogo, ya kubana, mmoja baada ya mwingine.

"Piga bandi tu, Fundi," akasema. "Watu wanasubiri."

"Wasubiri," nikamwambia.

Wakasubiri, ukumbi mzima umesimama, hadi nilipofunga fundo na kukata uzi kwa meno.