Moyo Ulionyooka

Landrova ilikwisha kuiacha Olbalbal nyuma na sasa inapanda kwa gia ya pili, vumbi likiingia hata kwenye meno. Kila shimo alilopiga, dereva Hhando alimsikia mganga msaidizi Josephati huko nyuma akilalama. Si kwa ajili ya mgonjwa. Kwa ajili ya mashine.

Mashine ya kupima moyo waliileta wafadhili mwaka huo wa themanini na nne. Gari la wagonjwa linakosa matairi, linakosa dizeli, linapewa televisheni! Josephati akapelekwa wiki tatu kujifunza kuisoma, akarudi na daftari lililojaa vilima vya kalamu nyekundu, na shingo isiyogeuka mpaka umwite daktari. Hhando, aliyebeba wagonjwa tangu huyo ananyonya, alimwita hivyo kwa sauti ambayo hata mbuzi wangecheka.

Mgonjwa alikuwa mzee Metui, aliyeanguka akinywesha ng'ombe. Mkewe, Naeku, alikuwa amempakata kichwa.

"Simama!" Josephati akapiga kelele. "Moyo umenyooka!"

"Umenyooka siku zote," Naeku akajibu kwa fahari. "Huyu hajadanganya mtu."

"Mama, hunielewi. Mstari umenyooka. Amekufa."

Hhando akafunga breki. Amri ya kazi aliijua: maiti hapelekwi hospitali ya Karatu, anarudishwa kwao. Na huko walikotoka hapakuwa na dawa hata ya kichwa. Wangegeuza gari, hata kama mzee alikuwa hai, angekufa kweli.

"Amekufa vipi na ananifinya kidole?" Naeku akauliza.

"Mishipa tu hiyo, mama. Mashine haidanganyi."

Hhando akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Waya mmoja ulikuwa unaning'inia. Kibandiko chake kilikuwa kimeteleza kifuani. Kifua chenyewe kiling'aa mafuta ya kondoo na udongo mwekundu, kimepakwa kikapakika.

"Daktari, kule kozini mlijifunzia kifua cha nani?"

"Tulipimana wenyewe kwa wenyewe."

"Mlikuwa mmeoga?"

"Ndiyo, kwa sabuni."

"Basi umesomea mioyo ya sabuni. Mshike mzee mkono. Vidole unavyo, au navyo vinasubiri wafadhili?"

Josephati akashika. Midomo ikahesabu.

"Unapiga," akasema. "Polepole sana, lakini unapiga."

Hhando akakifuta kifua kwa spiriti, akabandika upya. Vilima vikarudi kwenye kioo, kimoja kimoja, vimeachana kama maboma ya uwandani.

"Haya, tugeuze?" Hhando akauliza.

"Twende mbele."

"Twende, nani?"

"Twende, mzee."

Metui alilazwa siku kumi na tisa, akaishi miaka miwili zaidi, akafa kwa homa ya mapafu. Naeku alihamia Arash kwa binti yake. Mashine iliishiwa betri masika yaliyofuata, ikawekwa stoo. Hhando alipunguzwa kazini, akalima maharage huko Daa. Josephati alipandishwa cheo, akawa mwalimu wa kozi ileile.