Mbwa wa Saruji Alivyohamia Munje

Katika mwaka wa kwanza wa Uhuru, asubuhi moja, Mbeyu alikuwa akisuka makuti barazani kwake, kijijini Munje, wakati mbwa wa saruji alipopita mbele ya nyumba. Alikuwa ameshuka kutoka kwenye jukwaa lake la mawe kule njia panda. Alivuka shamba la mihogo bila kukanyaga hata shina moja, akaenda kulala juu ya kaburi la Kibwana, marehemu mume wa Mbeyu.

Sanamu hiyo ilijengwa na mzungu wa shamba la minazi. Kibao chake kilisema kwamba mbwa mwaminifu, Reksi, alimwokoa mtoto wa bwana wake baharini, mbwa mwenyewe akafa maji. Munje nzima ilijua kwamba Reksi alibaki ufukweni akibweka. Aliyemtoa mtoto ni Kibwana, mkwezi, na Kibwana ndiye aliyekufa maji. Reksi alikufa mwaka uliofuata, kwa kuvimbiwa.

Mbeyu alimwendea Maalim Suleiman kumwuliza kama kaburi limeingia najisi.

"Ana mate?" maalim aliuliza.

"Hana. Mkavu."

"Basi mwache. Huenda amekuja kuomba radhi. Wenyewe hawajaja."

Ofisa mpya wa serikali, Bwana Baya, alifika kwa gari la yule mzungu. Nyumba ya mzungu huyo alikuwa amekwisha kuihamia, na kofia ya mzungu ilimkaa vizuri. Waziri alitarajiwa kuja kuiona sanamu. Vibarua wakambeba mbwa hadi njia panda, na kabla hawajamaliza chai alikuwa amerudi kaburini. Wakamfunga mnyororo. Akarudi nao.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Baya. "Umempa nini mbwa huyu?"

"Marahaba. Sijampa kitu, mwanangu. Anamjua aliyeingia majini. Andikeni jina la Kibwana kwenye kile kibao, labda atatulia."

Bwana Baya alifikiri kidogo, kama wafanyavyo watu wanaolipwa kwa kufikiri.

"Mama, historia haibadilishwi ovyo. Uhuru wenyewe tumeupata juzi tu."

Kwa hiyo kibao kiling'olewa njia panda, kikasimikwa kaburini vilevile kilivyokuwa. Ukajengwa uzio, ukapakwa chokaa, na askari akawekwa mlangoni. Waziri alikuja, akawahimiza wananchi waige utiifu wa mbwa. Wananchi walipiga makofi, kwani ndicho walichoitiwa. Baada ya hapo wageni wa hoteli za Diani wakawa wanaletwa kumtazama.

Ijumaa moja Mbeyu alikwenda na maji na matawi ya mrehani ili amzuru mumewe. Askari alimzuia kwa adabu.

"Subiri kidogo, mama. Wageni wanapiga picha na mbwa."

Mbeyu akatua mtungi, akasimama nje ya uzio. Mbwa aligeuza shingo yake ya saruji, akamtazama. Mpiga picha akashusha kamera, akamnong'oneza askari. Askari akarudi kwa Mbeyu.

"Samahani, mama. Wanaomba usogee. Mbwa hatazami kamera."

Mbeyu akasogea.