Nyumba ya Leso

Watoto wawili, chumba kimoja, mvua tangu alfajiri na stima imepotea: mtu mwingine angeshika kichwa. Bathsheba alikunja mikono ya sweta. Miaka kumi na moja ya kufundisha chekechea haikuwa bure. Aliwapa Beverlyne na Mosoti, watoto wa kaka yake, vifuniko vya sufuria, vikawa usukani. Vizibo vya soda vikawa abiria. Maharagwe yalihesabiwa vizuri mpaka Mosoti alipojitia moja puani, na mchezo huo ukafungwa rasmi.

"Sasa jengeni nyumba," akawaambia, akatandaza leso mbili juu ya viti. Yeye akaketi kando kuchambua maharagwe yaliyonusurika.

Nyangau, baba yao, aliwaleta hapa Asumbi kutoka Kehancha siku ya Jumatano. Alisema mkewe, Kezia, alianguka na boda boda, uso umevimba, anahitaji kupumzika. Bathsheba alituma pole kwa simu, hakuuliza zaidi. Angeanzia wapi? Baba yake mwenyewe alipofariki, kaka yake huyu ndiye aliyemsomesha. Tena ni mzee wa kanisa, anayeitwa kusuluhisha ndoa za wengine. Leo alasiri alikuwa anakuja kuwachukua watoto wake.

Chini ya leso, Beverlyne, wa miaka minane, alipakua ugali usioonekana. "Mimi ni Mama. Wewe ni Baba, umetoka duka."

Mosoti, wa miaka mitano, akakohoa kiutu uzima. Bathsheba akacheka.

"Chakula ni baridi," Mosoti akasema.

Beverlyne akaweka sahani chini, akainama, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili. Hakuambiwa na mtu.

"Ngoja kwanza," Mosoti akasema. "Nani ataongeza redio?"

"Redio ya nini?" Bathsheba akauliza.

"Baba huongeza redio ndio majirani wasisikie Mama akilia."

"Wewe nawe!" dada yake akamsahihisha. "Kukinyesha haongezi. Si mabati iko na kelele yake?"

Bathsheba aliona aibu iliyomchoma kuliko hofu, kwa kuwa ile habari ya boda boda aliimeza bila hata kutafuna. Akaingia jikoni na simu.

"Kezia, watoto wameniambia."

Kezia akasema, polepole, "Ameshatoka kuja huko. Tafadhali usimpe."

"Simpi. Toka kwa hiyo nyumba sasa hivi, uende kwa mama yako. Nitakupata huko."

Saa kumi mvua ilikatika. Gari la Nyangau likaingia kwenye ploti, naye akashuka akiruka madimbwi, mkate mkononi, mtanashati kama kawaida yake.

"Dada yangu, umewatunza. Wavalishe viatu twende kabla barabara haijaharibika tena."

Bathsheba alisimama katikati ya mlango. Maishani mwake hakuwahi kumkatalia huyu mtu kitu.

"Watoto hawaendi, kaka. Najua Kezia hakuanguka na boda boda."

"Nani amekuambia? Hebu tuingie ndani tuongee."

"Tuongee hapa hapa nje."

"Bathsheba! Unasahau ni nani alikulipia shule?" Sauti yake ilipanda, na jirani aliyekuwa akianika nguo akageuka kutazama.

Nyangau alimwona. Papo hapo uso ukabadilika, akatabasamu, akashusha sauti, akamsalimia yule mama kwa upole na kumuulizia hali ya watoto.

Mpaka dakika hiyo Bathsheba alikuwa bado ana kijitumaini kwamba watoto wamekosea, kwamba kaka yake atakuwa na maelezo. Kiliisha hapo. Alimwonea huruma, akamchukia, na bado alimpenda, yote kwa pamoja.

"Mama Lynnet," akamwita jirani, kwa sauti ambayo ploti nzima ilisikia, "acha hizo nguo. Njoo usimame na mimi hapa."